Mkate umeumuka, kioo kinasema bado

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita ukurasa wenu wa biashara ulikuwa na picha ya mfanyakazi wa kiwanda cha chakula, kofia ya nyavu kichwani, glavu mikononi, ameshika kishikwambi na kutabasamu. Maelezo yalisema viwanda vyetu sasa vinaingia kidijitali. Tuliiangalia picha ile wakati wa chai ya usiku, tukacheka mpaka mmoja wetu akapaliwa. Kioo cha kishikwambi chetu hakisikii kidole chenye glavu. Ukitaka kubofya, unavua glavu, unabofya, halafu unavaa nyingine. Na kama toroli limeshafika na mwenzako anakuita, unashika mkate hivyo hivyo. Yule wa kwenye picha alikuwa amekishika tu.

Naomba nafasi niseme la kwangu juu ya jambo hilo. Nina miaka 48. Huu ni mwaka wangu wa 19 katika kiwanda cha mikate kilichoko upande wa Barabara ya Nyerere, ambacho sitakitaja, na jina langu pia naomba mlihifadhi. Niliingia kama kibarua wa kufagia unga, nikahamia kufunga mikate, nikapelekwa kwenye kukanda, na sasa ni mwaka wa sita nasimamia zamu ya usiku yenye watu 23. Nakaa Vingunguti, kwa hiyo asubuhi natembea kwa miguu wakati wenzangu wa Mbagala na Chanika wanagombania daladala.

Mfumo huu wa kompyuta sikuuchukia ulipokuja, na mpaka leo kuna mambo yake siwezi kuyakana. Zamani joto la tanuri tuliliandika kila nusu saa kwenye kaunta buku. Nikiri mbele yako, Mhariri: kuna siku tuliandika vipimo vinane vya nusu saa kwa mkupuo, alfajiri, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Sasa vipima joto vinajiandikia vyenyewe. Mkaguzi wa TBS, Shirika la Viwango, akija (na hao ndio wanaotukagua tangu mwaka 2019, masuala ya chakula yalipotolewa iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa) anaonyeshwa kwa dakika mbili mkate wenye namba fulani ulitoka katika unga upi na ulipikwa usiku gani. Zamani tungetafuta makaratasi mpaka chai yake ipoe.

Na kuna suala la oda. Gari lilikuwa linaondoka na mikate ya kukisia, dereva anaacha trei nyingi kwa muuza duka anayemzoea, na baada ya siku nne anarudi na mikate ile ile imekauka. Tunaiita marejesho. Tangu wenye maduka waanze kuagiza kwa simu, marejesho yalipungua mpaka chumba chake kikageuzwa stoo ya mifuko. Mimi nilifurahi kuliko mwenye kiwanda. Nilizaliwa mwishoni mwa miaka ya sabini na nimekua kipindi kile cha foleni. Baba yangu aliwahi kurudi nyumbani na nusu mkate baada ya kusimama tangu alfajiri, tukaugawana watoto watano kwa kisu na macho ya mama. Mtu wa namna hiyo akiona mkate unatupwa hatulii.

Sasa niwaeleze usiku mmoja wa mwezi Machi.

Unga ukishakandwa unatakiwa utoke kwenye mashine ukiwa na joto la nyuzi 26 hadi 28. Dar es Salaam mwezi Machi hata maji ya bomba yana uvuguvugu, na mashine ya kukandia nayo inaongeza joto kwa kule kusuguana, kwa hiyo sisi tunakandia na barafu. Jioni ile umeme ulikatika mara mbili, ukarudi kwa kishindo, na mashine ya barafu ikagoma. Fundi hakupatikana. Tukakandia na maji ya tangi. Unga ukatoka na nyuzi 33, na hamira inavyopenda joto, nilijua toka pale kwamba mkate wa usiku huo utakimbia.

Ukiingia chumba cha kuumulia, unabonyeza donge kwa kidole. Shimo likirudi upesi, bado. Likirudi polepole likaacha alama ndogo, peleka kwenye tanuri. Lisiporudi kabisa, umechelewa. Nilifundishwa hivyo na mzee mmoja wa Kigoma ambaye sasa ni marehemu, na yeye alifundishwa na Mhindi mmoja pale Kisutu. Hakuna saa katika somo hilo.

Mfumo wetu hauna kidole. Una dakika 55. Aliyeziweka ni kijana mhandisi, mpole, mwenye adabu, aliyekuja kwetu kwa siku nne, mchana, mwezi wa Julai. Wakazi wa jiji hili mnaijua Julai: upepo wa kusi unavuma na watu wanavaa masweta kwenye daladala. Dakika 55 za Julai zilikuwa sahihi kabisa. Nilikuwepo nikaziona.

Dakika ya 38 nikachungulia kwenye kidirisha. Unga ulikuwa umepita ukingo wa trei. Kioo kikasema bado dakika 17. Kufungua kabla ya muda kunahitaji namba ya siri, na namba hiyo anayo meneja wa uzalishaji. Ukiulazimisha mlango unafunguka, lakini king'ora kinalia na tukio linaandikwa kwa jina la msimamizi wa zamu. Februari nilishaulazimisha mara moja, mkate ukatoka mzuri, nami nikapewa barua ya onyo kwa kukiuka utaratibu. Barua ya pili inajulikana inakuelekeza wapi, na nina mtoto chuoni. Nikampigia meneja mara tatu. Simlaumu, saa nane na nusu usiku binadamu hulala. Nikasimama mbele ya ule mlango kwa dakika 17 nikiutazama unga unavyopanda, unavyotanuka, unavyoanza kulegea, na nyuma yangu vijana wanne wa tanuri wanaujua kama mimi ninavyoujua, na wote tumenyamaza. Mhariri, nimefiwa, nimeuguza, nimefanya kazi nikiwa na mimba ya miezi minane. Sikumbuki kuchoka kama nilivyochoka zile dakika 17, na sikuwa nimeinua kitu.

Mikate ilitoka imebonyea katikati kama mto uliolaliwa. Matoroli manne, mikate 640. Mkate wa gramu 600 unakula karibu gramu 400 za unga, kwa hiyo hapo kuna zaidi ya mifuko mitano ya kilo 50, unga wa ngano ambayo sehemu yake kubwa imevuka bahari kuja huku. Weka na hamira, mafuta, maji, na gesi ya tanuri. Saa moja asubuhi mfuga nguruwe wa Pugu akaja na kirikuu chake akachukua yote. Alinishukuru sana.

Kabla sijaondoka kishikwambi kikaniuliza sababu ya hasara. Kinatoa majibu matatu ya kuchagua: mashine, malighafi, mfanyakazi. Nikabofya mashine. Kikakataa, maana kwenye kumbukumbu zake chumba cha kuumulia kilifanya kazi bila hitilafu dakika zote 55. Nikabofya malighafi. Kikataka namba ya mzigo wa unga uliokataliwa, na hakuna aliyeukataa. Likabaki moja. Nikalibofya, nikasaini kwa kidole kile kile ambacho mzee wa Kigoma alikifundisha kazi.

Nimeeleza kwa urefu kwa sababu watu wa ofisini wakisikia wafanyakazi wanalalamika juu ya msongo wa mawazo hudhani tunalalamikia kazi nyingi. Kazi nyingi tumeizoea. Binti yangu anasoma mambo ya rasilimali watu, na nilipomsimulia akaniambia kuna mtafiti wa Marekani, Robert Karasek, aliyelieleza jambo hili tangu mwaka 1979 baada ya kuchambua taarifa za wafanyakazi wa Sweden na Marekani: mzigo mkubwa peke yake siyo unaomuumiza mtu zaidi, kinachomuumiza ni mzigo mkubwa pale ambapo hana uamuzi juu ya namna ya kuubeba. Nilimwambia angekuja Barabara ya Nyerere angemaliza utafiti wake usiku mmoja.

Kwenye kufunga mikate hali ni nyingine, na pengine mbaya zaidi. Juu ya mstari wa kufungia kuna kioo kikubwa kinachohesabu mikate kwa dakika. Kijani mko vizuri, njano mnalegea, nyekundu taarifa inakwenda yenyewe kwenye kundi la WhatsApp ambalo mabosi wote wamo. Sasa mkate ukitoka kwenye tanuri una nyuzi zaidi ya 90 ndani yake. Lazima upoe mpaka ukaribie joto la kiganja ndipo ukatwe na kufungwa, na kwa hewa yetu nzito hiyo ni saa mbili na zaidi. Ukiufunga na moto wake, mvuke unageuka maji ndani ya mfuko na ukungu umepata nyumba. Kila mfungaji analijua hilo. Lakini ikifika saa kumi alfajiri magari yamepanga mstari nje, kioo kimeanza kuwa cha njano, mtu anachukua mkate wa vuguvugu anaufunga. Kioo kinarudi kijani. Siku ya tatu mwenye duka wa Yombo anarudisha trei nzima ina madoa ya ukungu.

Marejesho hayo yanahesabiwa na mfumo mwingine, wa mauzo, na mifumo hiyo miwili haisalimiani. Zamu inapongezwa Jumatatu kwa kijani chake, na Alhamisi idara ya mauzo inaulizwa kwa nini maduka yanalalamika. Stoo ya mifuko imeanza kurudi kuwa chumba cha marejesho. Na pale mlangoni pa stoo hiyo kuna bango zuri lenye picha ya jani, limeandikwa Uzalishaji Endelevu, na chini yake lengo namba 12 la Umoja wa Mataifa, lile linalotaka chakula kinachotupwa kipungue kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Bango linajivunia kwamba tumeokoa karatasi. Ni kweli. Kaunta buku hazinunuliwi tena.

Kuna dada mmoja wa kufunga, mchapakazi, jina lake siku zote liko juu kwenye orodha. Aliacha kunywa maji kazini. Kioo kinaandika muda wa chooni kama muda uliopotea, na yeye hataki jina lake lishuke. Mita sita kutoka kwenye tanuri, Machi, bila maji. Ametibiwa U.T.I. mara mbili tangu mwaka uanze na mara zote mbili aliomba ruhusa akisema anauguliwa. Kijana mwingine, wa mashine ya kukata, ananiambia kifaa cha LUKU kikianza kulia nyumbani kwake kwamba uniti zinaisha, anaruka kitandani akidhani mstari umesimama. Mkewe sasa ananunua umeme mapema ili mume alale.

Alale lini, hilo nalo ni swali. Sisi wa usiku tunalala ofisi inapoamka. Saa nne asubuhi ndiyo kwanza umepata usingizi, simu inaanza: grafu ya zamu, mshale mwekundu, "Zamu B tuelezeni". Ukinyamaza unaonekana unakwepa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kwa wiki, inaweka pumziko la saa nzima kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, inaweka nyongeza ya asilimia 5 kwa saa za usiku. Hayo kiwandani kwetu yanafuatwa, nisiwasingizie. Ila mwaka ule wa 2004 kazi ilikuwa inaishia getini.

Uongozi nao umeona kwamba watu wamechoka. Tulipelekwa semina ya kudhibiti msongo, kwenye hoteli, na viti vya kitambaa cheupe, tukafundishwa kupumua: vuta ndani, hesabu nne, toa nje. Nilivuta. Kwenye chumba cha kukandia ukivuta namna ile unameza vumbi la unga.

Ninachokiomba ni kidogo na hakihitaji hoteli. Msimamizi wa zamu apewe ile namba ya siri. Afungue mlango anapoona unga umeiva, aandike sababu, na asubuhi aulizwe kama mtu mzima, kwa mkate alioutoa. Mhandisi wetu wa zamani aliwahi kutusimulia kwamba katika viwanda vya Toyota kule Japani kuna kamba juu ya mstari, na mfanyakazi yeyote akiona kasoro anaivuta kuita msaada, na mstari wote unaweza kusimama. Kiwanda kinachotengeneza magari, chenye mashine nyingi kuliko zote tulizonazo sisi, kinamruhusu fundi wa chini kabisa kusimamisha kazi. Mimi siwezi kufungua mlango wa chumba cha mikate.

Halafu waliotuwekea mfumo warudi, waje usiku, waje Machi. Wakae zamu tatu, wakande na maji ya tangi, ndipo waandike dakika zao. Wakati wako hapo, waongeze jibu la nne kwenye ile orodha ya sababu za hasara: mfumo. Na kile kioo cha wafungaji kama lazima kiwepo, basi kihesabu pia mikate iliyorudi. Nina hakika siku kitakapoanza kuhesabu marejesho, hakuna bosi atakayetaka mkate wa vuguvugu ufungwe, na yule dada atakunywa maji yake.

Kwa wenzetu wa serikali nina neno moja. Wakaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, huja na vipimo vyao, wanapima kelele, joto na mwanga, wanaandika. Sheria yao ni ya mwaka 2003. Nawaomba wakija mara nyingine wasimame dakika kumi chini ya kile kioo cha rangi tatu wawatazame wafungaji nyuso. Na tangu mwaka 2023 nchi hii ina sheria inayolinda taarifa binafsi za mtu. Mimi si mwanasheria, ila ningependa kujua dakika za chooni za mwanamke ni taarifa za nani, zinatunzwa kwa muda gani, na nani anaruhusiwa kuzisoma. Tulipouliza kiwandani tuliambiwa ziko kwenye wingu. Mmoja wetu akatazama juu.

Najua kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na huenda huko ofisini kuna kunguni nisiowajua mimi: mkopo wa benki, bei ya ngano, wateja wakubwa wanaotaka ripoti zenye grafu. Inawezekana kabisa namba ya siri ipo kwa sababu kuna msimamizi fulani huko nyuma alifungua mlango hovyo akaharibu. Nisingeshangaa. Nimefanya kazi na wasimamizi wa kila aina.

Kwa sababu hiyo sikutaka kuandika kwa hasira tu. Tangu Aprili nimenunua kaunta buku langu mwenyewe. Kila usiku ambao kidole na kioo vinatofautiana, naandika: joto la unga, kidole kimesema nini, kioo kimesema nini, na mkate umetoka vipi. Mpaka leo ni usiku 14. Mara 11 kidole kilikuwa sahihi. Mara tatu kioo kilikuwa sahihi na mimi nilikosea, na mara moja kati ya hizo ningeharibu toroli zima kwa haraka zangu. Nimeandika hiyo pia, kwa wino ule ule.

Yeyote wa kiwandani kwetu atakayesoma barua hii atanitambua kwa habari ya barafu, hilo nimelikubali. Asiniite ofisini kwanza. Ashuke usiku, saa nane na nusu, nitamwonyesha daftari. Liko juu ya kabati la viungo, nyuma ya kopo la chumvi.

Msimamizi wa Zamu ya Usiku,
Vingunguti, Dar es Salaam
(Jina limehifadhiwa)